Asante Ninayomdai Baba Mdogo

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Juni, mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti lililokuwa likikusumbua kwenye ngazi za kazini kwako huko ng'ambo sasa limetulia. Binamu zangu hawajambo? Yule mdogo bado anachora farasi wenye miguu mitano? Mmoja nimembandika juu ya kitanda changu.

Huku sote tu wazima. Macho ya Bibi yanamsumbua kidogo, lakini masikio yake bado yanasikia kopo la sukari likifunguliwa kutoka chumba cha tatu. Mama anakusalimu kutoka jikoni. Baba amesinzia na gazeti usoni. Baba mdogo naye hajambo, na hilo ndilo linaloniudhi.

Nakuandikia kuhusu kompyuta. Najua ameshakutumia ujumbe akuombe uninunulie nyingine badala ya ile uliyoniletea, na najua alichoandika kwa sababu alitusomea mezani: iwe na skrini kubwa, kadi ya picha yenye nguvu, na kibodi inayowaka rangi rangi. "Mtoto anasoma, dada, tusimbanie," ndivyo alivyomalizia. Shangazi, mtoto huyo ni yeye, na anachosoma ni matokeo ya mpira.

Ile ya zamani haikuchoka yenyewe. Alikuwa akiibeba kwa kuishika pembe ya skrini, kama mtu anavyomtoa paka nje. Aliilaza kwenye godoro ili atazame mechi akiwa amejinyoosha, feni ikakosa hewa, mashine ikawa ya moto kama pasi. Bawaba ya kushoto ilipokatika, aliizungushia ule utepe wa kazini kwake, kwenye dirisha la vifurushi la posta, ulioandikwa KINAVUNJIKA, SHIKA KWA UANGALIFU. Upo mpaka leo. Nausoma kila ninapokaa kuandika.

Hayo yote ningeyameza. Lakini siku moja mechi ilikuwa ikikwama kwama, akaamua kwamba mashine imejaa takataka. Akafuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Jioni, mbele ya watu wote, akatangaza:

"Kimya, nimekusafishia mashine yako. Sasa inakimbia kama swala."

Kimya ndilo jina alilonibandika tangu nikiwa darasa la kwanza, na sasa hata Mama analitumia.

"Na faili zangu?" nikauliza.

"Faili gani? Mambo ya shule si yamo kwenye madaftari?"

Wewe peke yako unajua kilichokuwamo. Ile hadithi ya mlinzi wa mnara wa maji, uliyosoma mwanzo wake ukaniambia nisiiache, ilikuwa imebakiza sura ya mwisho tu. Hapa nyumbani hakuna anayejua kwamba naandika. Ningesema pale mezani, angenitania mpaka siku ya harusi yangu, na siku ya harusi angechukua kipaza sauti atanie tena. Nikainamia sahani yangu. Bibi akaona nimekosa adabu.

"Mwambie baba yako mdogo asante. Ameshinda nayo kutwa nzima."

Nikasema asante. Kwa mdomo wangu huu huu, Shangazi. Naye akajibu, "Usijali, bwana," kisha akanyoosha mkono akachukua kipande cha nyama kwenye sahani yangu, kama malipo ya ufundi.

Asante ile naidai. Sitaki anirudishie nyama.

Tangu siku hiyo nimejifunza mengi. Mwalimu wa maktaba alinipa flashi yenye Linux, mfumo wa kompyuta usiolipiwa, akanionyesha jinsi ya kuwasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo. Ni bahati, kwa sababu diski ya mashine nayo sasa imekufa; inagonga ndani kama mtu aliyefungiwa chumbani. Nikichomeka flashi, naandika, na yeye anatazama mpira bila kujua mashine inawashwa na nini. Nikiichomoa, mashine haina kitu kabisa.

Jumamosi iliyopita Baba mdogo aliwaalika wenzake wa dirishani waje kutazama fainali. Akaiweka mashine juu ya stuli, akaifungua kwa madaha. Mimi nilikuwa kwenye kona na kitabu changu. Flashi ilikuwa ndani ya soksi yangu. Kioo kikawa cheusi, na juu kabisa kukatokea mstari mmoja mweupe wa kusema hakuna mfumo wa kuwasha.

"Mbona giza? Uwanjani umeme umekatika?" mmoja akauliza.

"Tulieni, inapasha."

"Si ulituambia wewe ndiye fundi wake? Kwamba uliisafisha mwenyewe?"

"Aliisugua mpaka ikatoboka!"

Walicheka mpaka stuli ikatikisika. Akaniita, "Kimya! Hebu njoo uitazame." Nikaenda, nikaitazama. Nikamwambia, "Ni safi kabisa, Baba mdogo." Masikio yaliniwaka moto, maana sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo. Lakini ukurasa niliourudia baada ya hapo ndio mtamu kuliko zote nilizosoma mwaka huu.

Hata hivyo sijashiba. Ndiyo maana nakuomba usimsikilize yeye, unisikilize mimi.

Usinunue mpya. Tafuta zile zilizotumika maofisini, ambazo kampuni huuza kwa bei nafuu zikibadilisha vifaa. Ni nene, nyeusi, sura kama sanduku la fundi umeme, na hakuna mtu atakayezitolea macho. Kumbukumbu, yaani Ram, ya gigabaiti nane inanitosha, mradi kuwe na nafasi ya kuongeza. Diski iwe SSD, maana haina kitu kinachozunguka ndani, hivyo haiumizwi ovyo na mikono ya watu. Kadi kubwa ya picha sitaki: inakula betri, mara nyingine inasumbuana na Linux, na yeye ataipenda.

Ndani ya bahasha hii nimeweka nakala ya flashi. Mwombe muuzaji awashe kompyuta kwa hiyo kabla hujalipa. Ona kama waifai inashika, maana zipo kadi ambazo Linux haizitambui. Sikiliza sauti. Funika kompyuta ilale, ifunue uone kama inaamka. Bawaba uzijaribu kwa mkono wako. Muuzaji akikataa, ondoka dukani.

Kibodi iwe ya huko huko uliko, yenye herufi zilizopangwa kwa namna yao. Mimi nitaipanga ninavyotaka, kwa kuwa nachapa bila kutazama. Baba mdogo hudonoa kwa kidole kimoja kama kuku. Kila akibonyeza herufi moja itatokea nyingine. Nimelazimika kuweka kalamu chini nicheke kwanza.

Hadithi nimeianza upya. Ina mhusika mpya, karani mwenye sauti nene anayependa kusafisha vitu vya watu. Kwenye sura ya pili anatumbukia ndani ya tangi la mnara. Sijaamua kama nitamtoa.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Usimpe mtu mzigo huo aulete nyumbani, wala usiutume kwa jina la Baba. Tuma kwa jina langu, nikauchukue kwenye dirisha la Baba mdogo. Siku moja nilimpelekea funguo alizosahau, nikaona kibao juu ya dirisha lake: MHUDUMU ASIPOKUAMBIA ASANTE, MWONE MSIMAMIZI. Msimamizi mwenyewe anakaa nyuma yake, na nilimwona akisikiliza.

Nitavaa sare ya shule. Nitapanga foleni kama mteja yeyote. Atanisukumia daftari, nitatia sahihi polepole, nitapokea mzigo wangu, halafu nitabaki nimesimama pale pale. Mimi, ninayeona haya hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Foleni inung'unike itakavyo. Nitamtazama yeye, nitatazama kibao, kisha nitamtazama tena yeye, mpaka aseme.

Nisalimie binamu zangu, na yule mdogo umwambie asiwapunguzie farasi miguu. Bibi na Mama wanakukumbuka sana. Mungu akutunze wewe na goti lako, na akuongoze kwenye duka lenye muuzaji mwaminifu. Kwako wewe nasema asante, na hii hakuna aliyeniamuru niiseme.

Wako akupendaye, ambaye ameanza kufanya mazoezi ya kusimama,

Kimya