Baba, Nimenyamazisha Katrekta Kako

Baba,

Usinikasirikie kabla sijamaliza. Nimetoa ile sailensa uliyoichomelea mwenyewe, ile ya kipande cha bomba la maji, nikaweka ingine isiyopiga kelele. Najua ungesema nini. "Wacha kalie, watu wajue kuna mtu yuko kazini." Ulisema hivyo kila mara majirani walipokuuliza kama ni katrekta unaendesha ama ni vita umeanzisha.

Haya, wacha nikueleze.

Tangu tukuzike shamba lilikaa tu. Mbaazi tulivuna kwa mkono, lakini mvua ilikuwa inakaribia, na unajua hapa Kathonzweni ukingoja matone ya kwanza ndipo ulime, umeshachelewa. Ndugu yangu Mutua hawezi kuacha kazi Mombasa aje. Ng'ombe wa kuvuta plau waliisha na ule ukame. Basi nikasema, si mimi ndiye nilikuwa nasimama nyuma ya mzee wangu akilima, nikimshika mabega? Nikavuta kamba, kakakohoa, kakawaka.

Mwaitu alikuwa ameketi mlangoni akichambua ndengu. Unakumbuka akili yake ilianza kumwacha hata kabla hujaugua. Lakini hiyo kelele mama yangu aliijua. Alikuwa akikusikia tangu ukivuka korongo, na ukifika langoni unakuta beseni la maji ya kunawa liko juu ya kigoda na isyo yako ya mahindi na maharagwe imepashwa moto. Siku hiyo nikirudi nilimkuta langoni, beseni tayari, taulo begani. Akaniangalia pale kwa kiti chako, akaangalia nyuma yangu, akaniuliza, "Mwende, baba yako umemwacha wapi?"

Nikamwambia. Nilifikiri ni vizuri kumwambia ukweli. Akaketi chini pale pale akalia kama mtu ambaye hajawahi kusikia hiyo habari, na kwake kweli ilikuwa mpya. Kesho yake nikawasha, akaandaa tena, akauliza tena. Baba, tulikuzika kila jioni. Nikaanza kumdanganya, ati umeenda Kanyangi kwa dada yako. Hapo nikaharibu zaidi, kwa sababu sasa alikuwa anakataa kuingia ndani, anakungoja. Siku moja akatoka kukutafuta, akaanguka kwa mtaro, mkono ukavimba. Nikasema hapana, hii kelele itamuua.

Nikakapakia kwa pikapu mpaka Kambu, kwa yule fundi anayechomelea malori kando ya barabara. Alinicheka. Vijana wa bodaboda huenda kwake wakitaka kelele iongezwe, na mimi mama mzima nimekuja kutaka ipunguzwe. Lakini alinisaidia. Kwanza alijaribu ya pikipiki, nyembamba, ikasonga injini mpaka ikatoa moshi mweusi. Kisha ya gari dogo. Hiyo ilinyamaza vizuri, lakini ni ndefu, lazima ilale chini mdomo ukiangalia ardhi, na nyasi zetu vile zimekauka ningechoma boma lote. Mwisho akatoa boksi nono lililotoka kwa jenereta kuukuu, akalisimamisha wima kando ya boneti, akawasha. Mimi nikavuka barabara, nikangoja malori yapite, nikafunga macho. Nilikuwa nasikiliza kama nitakusikia. Sikukusikia.

Fundi akaniambia, "Hii ndiyo ya kimya kabisa, lakini itakula nguvu. Kule kwa kilima plau haitavutika." Nikamwambia afunge hiyo hiyo.

Nimelima nayo shamba la chini. Katrekta kananguruma kidogo tu, kama cherehani. Siku ya kwanza Mwaitu hakuja langoni, na sitakudanganya, nilifurahi. Niliingia nikamkuta vile nilivyomwacha asubuhi, ungo wa ndengu magotini, hajachambua hata moja. Chakula kimeganda kwa sahani. Nikamuuliza mbona hajala. Akasema, "Hakuna mtu amekuja."

Tangu hapo hajauliza juu yako. Halii, hangoji, hapashi chakula. Nikimlisha anameza kidogo, nikimwacha anaacha. Nilitaka kumwondolea kilio, kumbe nimemwondolea na mtu wa kungoja. Amekuwa mwepesi, Baba. Namwinua kwa mkono mmoja nikitandika kitanda.

Wiki iliyopita nilishindwa. Nikafungua lile boksi, nikarudisha sailensa yako na nati zako zenye kutu. Nikakasukuma chini mpaka ng'ambo ya korongo ndipo nikawasha, nije kwa njia yako, na kelele yako yote. Nilijiambia, wacha alie, heri alie. Kuku walikimbia. Mbwa wako alitoka mbio, halafu akaniona ni mimi, akarudi kulala. Nikafika langoni, hakuna beseni. Mwaitu alikuwa mlangoni ameziba masikio kwa mikono yote miwili, anamwambia jirani yetu Mama Kioko, "Mwambie huyo mtu azime."

Huyo mtu, Baba. Nilizima.

Nimerudisha lile boksi la jenereta, ili angalau asisumbuke. Kilima sijalima na sitalima, fundi alisema ukweli. Watu wa kanisa huja kutuombea, wanaimba, Mwaitu anaimba nao maneno yote bila kukosea, wakienda anauliza walikuwa akina nani. Sioni mahali hii inaenda isipokuwa pale inapoenda.

Sailensa yako nimeifunga kwa gunia, iko ghalani. Sitawapa watu wa vyuma chakavu, hiyo nakuahidi. Na nakuahidi ingine. Mwaitu anakuja huko uliko, pole pole, namwona. Siku hiyo nitairudisha ile sailensa yako kwa katrekta, nitamweka kwa trela ile uliyokuwa ukibebea maji, na nitamleta mwenyewe mpaka hapo kando yako, na majirani waseme watakavyo.

Lala, Baba. Ukisikia hiyo kelele, weka maji kwa beseni.

Mwende wako