Mbwa wa Bwana Tluway

Kota za Shamba la Ngano,
Hanang.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama naye shikamoo, maana najua ameketi hapo karibu akisubiri usome kwa sauti. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko kijijini Daudi? Yule ng'ombe mwekundu amezaa salama? Mimi ni mzima wa mwili, ila vumbi la uvunaji limenikausha koo. Msione nimekaa kimya. Lori lililochukua barua zetu lilikwama kwenye mchanga siku tatu, likarudi hapa hapa na barua zake zote.

Baba, wewe ni balozi wa nyumba kumi na umeamua magomvi mengi ya mipaka, kwa hiyo nakusimulia mkutano uliofanyika hapa kotani. Nilitamani sana ungekuwepo.

Nilishawaeleza kwamba nyumba zetu hazisimami moja moja kama za huko. Ni jengo refu lenye milango minane, kuta zinashikana, na uani tunachangia bomba na jiko. Jirani akikohoa, unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Mlango wa tano anakaa Bwana Tluway, mtu wa Nambis, mwendesha kombaini. Ameendesha mitambo ya shamba hili tangu linaanza, na ngurumo zake zimemmaliza masikio. Ukigonga mlango wake hadi mkono uchoke, hasikii. Anayesikia ni mbwa wake, Tomi. Mtu akigonga, Tomi humvuta suruali. Maji yakichemka na kumwagika, humvuta suruali. Hivyo ndivyo mzee yule anavyoishi peke yake tangu mkewe afariki.

Mlango wa sita, ukuta mmoja na Bwana Tluway, anakaa Mama Zaituni, mke wa fundi wa kuchomea vyuma. Ni mtoto wa wafanyabiashara wa Katesh, Mwislamu asiyeacha swala hata moja. Mbwa akimgusa nguo kwa pua yake yenye unyevu, hana budi kubadili kabla ya kuswali. Tangu nihamie hapa nimemwona akipita mbali na Tomi, ameshika gauni lake kwa mikono miwili.

Basi mwezi uliopita mbwa mmoja asiye na mwenyewe alimng'ata Mama Magreti, mpishi wa kantini, na huyo mama akachomwa sindano nyingi kwa kuogopa kichaa cha mbwa. Watu waliingiwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya haki. Meneja wa shamba akaniita mimi karani wake, akanisomea tangazo nilipige taipu. Lilisema kuanzia siku ile ni marufuku kufuga mnyama yeyote kotani. Wote waondolewe kabla ya Jumamosi, watakaobaki watapigwa risasi na askari wa shamba, na atakayekaidi arudishe ufunguo wa nyumba. Nikalipiga, Baba. Nililipiga vizuri, bila kosa hata moja, na kwa mkono wangu mwenyewe nikalibandika kwenye nguzo ya bomba.

Bwana Tluway alilisoma polepole, kisha akaniuliza kwa ile sauti yake ya juu ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, "Mwanangu, na Tomi naye ni mnyama?" Niliinamisha kichwa kukubali, naye akaingia ndani.

Jioni ile ile Mama Zaituni alikuja kwangu na bahasha. Ilikuwa na mkataba wa nyumba, ule ambao kila mpangaji hupewa nakala yake. Akaniambia, "Yustina, Kurani naisoma, lakini maneno haya ya ofisi yananishinda. Nisomee. Nataka kujua wanaloweza kutufanyia na wasiloweza."

Nikasoma. Mkataba unakataza ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Mbwa hakutajwa. Tulipofika mwisho tukakuta hivi: kanuni mpya ya makazi itasomwa kwanza mbele ya wakazi, nao watapewa nafasi ya kusema. Akaniambia nirudie. Nikarudia mara mbili.

"Lakini Mama Zaituni," nikamwuliza, "si wewe ndiye ungefurahi mbwa yule aondoke?"

"Ningefurahi," akasema. "Lakini kufurahi kwangu si haki."

Asubuhi alikwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, na mkutano ukaitishwa Jumamosi saa nne, uani, askari akiwa amekwisha fika na bunduki yake. Bwana Tluway alikaa mbele, akitazama midomo ya watu, Tomi akiwa miguuni pake amefungwa kamba.

Meneja alieleza sababu zake, naye si mtu mbaya. Mama Magreti alionyesha mguu wake, akasema tangu siku ile akisikia mbwa anabweka hujifungia ndani. Watu wakanung'unika kumwunga mkono. Nilidhani yamekwisha.

Ndipo Mama Zaituni akasimama.

"Ndugu mwenyekiti," akasema, "maumivu ya Mama Magreti nayajua, nimempelekea uji mimi mwenyewe. Lakini aliyemng'ata si mbwa huyu. Mimi simpendi mbwa huyu. Mnajua nyote. Ukuta wangu na wake ni mmoja. Kama kuna mtu wa kumlalamikia, ni mimi, na mimi sijalalamika. Huyu baba masikio yake yameishia kwenye mitambo ya shamba hili. Sasa shamba likitaka kumnyang'anya na mbwa, kwanza limrudishie masikio."

Kisha akaunyanyua mkataba. "Na imeandikwa humu kwamba tusomewe kabla. Hatukusomewa."

Meneja akauliza, "Nani amekusomea hayo?"

Baba, kazi hii naijua ilivyopatikana, na najua wasichana wangapi wa huko wangeitaka. Lakini nilimtazama yule mama amesimama peke yake, nikaona aibu kukaa. Nikasimama, nikasema, "Ni mimi, Ndugu Meneja. Alileta nakala yake mwenyewe."

Meneja aliuchukua mkataba, akausoma pale pale tukimngoja. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu mkubwa mbele ya watu: "Utaratibu nimeukosea. Tangazo naliondoa. Sasa semeni, tufanyeje?"

Tukasemezana karibu saa nzima. Tukakubaliana kwamba bwana mifugo awachanje mbwa wote wenye wenyewe, mbwa afungwe kamba akiwa uani, asikanyage jikoni, na aking'ata mtu, mwenyewe awajibike. Mbwa wa kuzurura wataondolewa. Mama Magreti aliomba mahali pa kumfungia Tomi uani pawe upande wa mbali na njia yake ya kwenda kazini, akakubaliwa. Kuku nao walikatazwa, wanachafua bomba, kwa hiyo wale wangu wawili nimeshawala. Sikuweza kupinga, walikuwa wanachafua kweli.

Mwenyekiti alipotangaza, watu waliinuka wakipiga makofi. Bwana Tluway hakusikia tangazo, wala midomo ya mwenyekiti hakuiwahi. Yeye aliona tu watu wanainuka wote kwa pamoja, akadhani hukumu imetoka. Nilimwona anasimama, anamshika Tomi kichwani kidogo, kisha anakwenda kwa askari na kumkabidhi kamba. Askari akaipokea, maana hakujua afanye nini.

Mama Zaituni aliyapita makundi ya watu hadi pale. Akaichukua kamba kutoka kwa askari, akaiweka katika kiganja cha Bwana Tluway, akamkunja vidole kimoja kimoja. Akamtazama usoni ili midomo yake ionekane, akasema polepole, "Ni wako. Nenda naye nyumbani."

Mzee alilia, Baba. Tomi kwa furaha alijisugua kwenye gauni la Mama Zaituni tangu kiunoni hadi chini, na yeye hakuruka. Alingoja mbwa amalize, ndipo akaenda ndani kubadili nguo, na adhuhuri ilipofika akaswali.

Msalimieni kaka Paskali, mchungaji wa ng'ombe wetu, na wifi yangu mke wake. Shikamoo nyingi kwa shangazi Yasinta mfinyanzi, na kwa babu anayegonga kengele ya kanisa. Dada Martina, mama wa mapacha, mwambieni kitambaa chake nimekipata, nitakituma kwa mkono wa mtu.

Mama huniuliza katika kila barua kama huku ugenini nina watu. Mwambie ninao, ukuta kwa ukuta.

Ni mimi binti yenu ninayewaombea heri,
Yustina