Wafunguzi wa Timu ya Tana

Galbet, Garissa
Februari 9, 2025

Kwa Mwalimu Lazarus,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kwenye baridi, wewe na Wahu na watoto. Sisi huku alhamdulillahi. Mke wangu Kaaha magoti yanamsumbua, na mimi nimestaafu ofisi ya mifugo mwaka jana, sasa kazi yangu ni kunywa chai na kuchosha watu. Joto ni lile lile uliloliacha.

Najua utashangaa. Namba yako ya zamani inashikwa na mama mmoja wa Kitui, naye amenichoka. Anwani nimepewa na mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka kwenu. Alisema kuna mzee Njabini analima viazi na bado anasahihisha Kiswahili cha watu sokoni. Nikajua ni wewe.

Ninaandika kwa sababu ya kriketi. Unamkumbuka Jawahir, binti wa Mursal mchinjaji? Sasa ni mwalimu, na amefufua timu yetu ya Tana, wavulana na wasichana, kwenye uwanja ule ule wa murram nyuma ya shule. Agosti wanaufungua upya. Kwenye ukuta wa stoo anataka kuandika kikosi bora cha Tana cha wakati wote: watu kumi na mmoja, kuanzia 1996 tulipoanza hadi timu ilipokufa.

Tisa tumewamaliza kwa birika tatu za chai. Keynan tumempa namba tatu, na Mursal amekubali kupiga wa sita baada ya kelele nyingi. Wamebaki wafunguzi, wale wawili wanaotangulia kupiga mpira ukiwa bado mpya na mgumu. Hiyo kazi Jawahir ameniachia mimi. Watu wote wanasema haina haja ya kufikiri, ni Lazarus na Abdilatif, misimu kumi na moja pamoja. Lakini kalamu ikifika kwa jina lako inasimama.

Basi nijibu swali moja kwanza. Januari 2015, baada ya walimu wasio Waislamu kama wewe kuuawa kwenye basi kule Mandera, nilikutoa nyumba ya shule nikakuleta kwangu. Ulikaa siku tisa. Kila asubuhi nilikupeleka kazini kwa miguu, mimi mbele, wewe nyuma, ili mwenye nia mbaya akutane na mimi kwanza. Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa. Nilienda msikitini, niliporudi Kaaha alikuwa ameshakupakulia wali, na wewe hukuwepo. Mbona uliondoka bila kuniaga?

Miaka kumi sijamuuliza mtu. Nakuuliza wewe.

Aliyekuwa walaal, ndugu yako,
Abdilatif


Njabini
Machi 3, 2025

Walaal Abdilatif,

Salamu nyingi, na Ramadhani njema kwako na kwa nyumba yote. Hapa tu wazima. Wahu ana shinikizo la damu lakini anakunywa dawa, watoto wako Nairobi na kazi zao, na mimi nina viazi, ng'ombe wawili na baridi ya kutosha kuwagawia.

Nilipoona mwandiko wako kwenye bahasha nilikaa kwenye ukingo wa boma, maziwa yakapoa. Hebu fikiria Jawahir na bati la kriketi! Alikuwa akituletea maji akiwa hajafika kiunoni kwangu.

Umenirudisha mbali. Nimekumbuka mwaka ule Kenya ilipoiangusha West Indies, mji mzima ukataka kujua kriketi ni nini, na bati lilikuwa moja tu, langu, nililotoka nalo shuleni Nairobi. Mkeka wa kuchezea tuliukata kutoka kwenye turubai kuukuu la lori. Nakumbuka ulivyokuwa ukiniita tukimbie kwa Kisomali, "Kaalay!", na ile timu ya Thika ikadhani unatukana, mwamuzi akakuonya. Nakumbuka ile siku upepo ulijaza uwanja vumbi, tukaendelea kupiga bila kuuona mpira, tukiusikia tu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, si hapa wala kwingineko.

Kuhusu wafunguzi, usipoteze usingizi. Andika wewe na Keynan. Yule kijana wa Sangailu alikuwa na mkono wa kushoto ambao hata mwalimu hawezi kuufundisha. Mimi nilikuwa mvumilivu tu.

Kuhusu ile Ijumaa, ndugu yangu, mambo yalikwenda haraka. Kulikuwa na pikapu ya mfanyabiashara wa vitunguu inayorudi Thika, dereva anapiga honi, sikuwa hata na dakika ya kukungoja utoke msikitini. Kisha simu ikapotea, siku zikapita, nikaona aibu. Nisamehe kwa hilo.

Namba yangu mpya nimeiandika nyuma ya bahasha. Nipigie tuongee.

Walaalkaa,
Lazarus


Galbet, Garissa
Machi 22, 2025

Mwalimu,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, tunafunga. Pole kwa Wahu.

Namba nimeiona. Sitapiga. Kwa simu tutasalimiana, tutacheka habari ya Thika, na jambo litapita kando.

Kaaha alikuwa jikoni ile Ijumaa. Dirisha lake linatazama chumba chako, unakijua. Anasema uliongea kwa simu, halafu ukakaa kitandani na begi mapajani kama nusu saa, bila kufanya kitu. Hakukuja kukuuliza kwa sababu alidhani umepata habari ya msiba. Halafu ukatoka kwa mlango wa nyuma. Honi hakusikia, na Kaaha anasikia kila kitu.

Dakika ulikuwa nazo thelathini, na msikiti uko ng'ambo ya barabara.

Kama hutaki kujibu, sema hutaki, nitaelewa. Lakini usinidanganye tena. Nimeshazeeka, sitaki kudanganywa.

Abdilatif


Njabini
Aprili 14, 2025

Abdilatif,

Amani kwako na kwa Kaaha. Natumaini Idi ilikuwa njema. Mvua imeshuka hapa, shamba ni tope, na barua hii nimeianza mara nne.

Kaaha ameona sawa. Pikapu ilikuwepo, ila ilikuwa imeegeshwa sokoni, na dereva alikuwa akila.

Ile simu ilikuwa ya Wahu. Alikuwa amekaa siku tisa akisikiliza redio na kulia. Akaniambia, "Kuna gari linatoka leo. Ondoka sasa, na usimwambie mtu." Nikamwambia sawa. Akasema, "Mtu yeyote, Lazarus. Hata hao unaolala kwao." Nikasema, "Hata Abdilatif?" Akaniuliza, "Wewe unajua kilicho moyoni mwa mtu siku hizi?"

Hapo ndipo palikuwa pa kujibu. Nilitakiwa kusema, huyu namjua kuliko ninavyojijua. Badala yake nilinyamaza. Simu ikakatika, nikakaa na begi mapajani, na nikafanya hesabu kama mtu mgonjwa. Kwa nini ananipeleka shule kila siku kwa njia ile ile? Kwa nini aliniuliza jana kama nitasafiri? Uliniuliza hivyo kwa sababu ulitaka kunitafutia askari wa kunisindikiza. Nilijua hivyo. Nilijua na bado nikajiuliza.

Wahu simlaumu. Yeye hakuwahi kulala kwako. Mimi nililala siku tisa, nikala kwenye sinia moja na wewe, halafu nikapita mlango wa nyuma kwa sababu wa mbele unaonekana kutoka msikitini. Nilikuogopa wewe, Abdilatif. Nusu saa nzima. Garini, tulipopita Mwingi, akili ikanirudia, lakini nilikuwa nimeshaondoka, na mtu atarudi kusema nini?

Simu haikupotea. Nilibadilisha namba mwenyewe, ili usinipigie.

Usiliandike jina langu.

Lazarus


Galbet, Garissa
Agosti 24, 2025

Mwalimu Lazarus,

Asalaam aleikum. Hujambo? Wahu na presha yake? Sisi wazima. Kaaha amepata dawa ya kupaka magoti na sasa anatembea hadi soko la mbuzi kunitafuta.

Nimenyamaza miezi minne. Barua yako niliisoma mara moja nikaisukuma chini ya godoro. Kaaha akauliza, "Lazarus kasemaje?" Nikasema anasalimia. Kisha nikamwambia Jawahir aandike wafunguzi, Abdilatif na Keynan, na namba tatu aiache wazi kwanza. Sikumweleza kwa nini, naye hakuuliza.

Jana Jumamosi ndiyo wamefungua uwanja. Keynan alitoka Habaswein, anauza vipuri huko, amekuwa na tumbo. Watu walijaa hadi juu ya ukuta. Jawahir akashika kipaza sauti akaanza juu kabisa ya orodha: "Wafunguzi, Abdilatif na Keynan."

Hakuna aliyepiga makofi.

Mursal akasimama na fimbo yake. "Abdilatif! Mwalimu yuko wapi?"

Nikasema, "Hakuingia."

"Nani amemtoa?"

"Mimi."

"Kwa kosa gani?"

Wallahi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimefungua mdomo niwaambie, huyu mtu alikula kwangu siku tisa na siku ya kumi akaniona muuaji. Lakini pale pembeni alikuwa amesimama msichana wa timu, amefunga pedi za miguuni juu ya dera, yeye ndiye angepiga wa kwanza mchana ule. Mikono ilikuwa inamtetemeka hadi bati linagonga kiatu. Nikamtazama, na hiyo mikono niliijua.

Lazarus, kuna jambo ambalo tulilijua sisi wawili tu. Misimu kumi na moja, mpira wa kwanza uliupokea wewe. Kila mechi. Watu walidhani ni kwa sababu ulikuwa nahodha. Hawakujua kwamba mechi ya pili, tulipocheza na polisi, nilikuambia siwezi, mikono inanitetemeka, ninataka kwenda nyumbani. Ukasema, "Simama upande ule mwingine. Nitaupokea mimi." Nilidhani ni siku ile tu. Mechi iliyofuata nikatetemeka tena, nawe ukaenda upande wa kupokea bila kuniuliza. Sikupona mpaka ulipoacha kucheza. Na hukumwambia mtu. Mursal aliponiita simba mbele ya watu ulikuwa pale, ukapiga makofi.

Basi nikawaambia. Nilichukua kipaza sauti nikawaambia wote, na Keynan, na polisi waliokuwepo. Walicheka hadi Keynan akakaa chini kwenye vumbi. Yule msichana hakucheka. Jawahir pia hakucheka. Akaniuliza, "Sasa adeer, ami yangu, niandike nini?"

Nikamwambia, "Namba moja Lazarus. Namba mbili Keynan. Mimi niweke namba tatu, mpira ukishachakaa kidogo." Hapo ndipo walipopiga makofi. Msichana alitolewa kwa mpira wa sita, lakini wa kwanza aliupokea, na akaupiga.

Sitakudanganya, barua yako bado inaniuma. Nikikumbuka umekaa kwenye kitanda changu ukifanya zile hesabu, nasukuma sahani natoka nje. Lakini wewe uliogopa nusu saa. Mimi niliogopa miaka kumi na moja, na hukuniacha siku hata moja. Nikiweka yote mawili kwenye mizani, siwezi kukutoa kwenye timu.

Kaaha nimemwambia sasa. Amelia kidogo, halafu amekutukana kidogo, halafu akauliza utakuja lini. Kama barabara bado inakutia hofu, nitakuja hadi Mwingi, tupande basi moja, ukae dirishani.

Walaalkaa,
Abdilatif


Njabini
Septemba 8, 2025

Walaal,

Salamu kwako na kwa Kaaha, na nimefurahi kuhusu magoti. Sisi tu wazima.

Barua ilifika Alhamisi. Nilikuwa nikimsomea Wahu kwa sauti, nikashindwa pale kwenye mechi ya polisi, akaichukua akamalizia yeye. Akaikunja vizuri. Kisha akasema ana maneno ya kumwambia Kaaha, ya ana kwa ana, na kwamba hayaandikiki.

Kwa hiyo tunakuja wote wawili, Jumamosi tarehe 27. Amefungasha gunia la viazi na kabichi sita, nimemwambia Garissa kuna soko, hasikii. Sijui tutakaa siku ngapi. Utatuambia wewe.

Mwingi usije. Asante, lakini usije. Ukikutwa huko nitashuka nirudi. Tutavuka daraja la Tana wenyewe, na tukifika stendi nitauliza nyumba ya Abdilatif wa mifugo iko wapi, na yeyote atakayesema "nifuate", tutamfuata.

Walaalkaa,
Lazarus