Baba, Tumemtoa Mama Kiwandani

Baba,

Nimeolewa. Nakuambia hili kwanza kwa sababu wewe ndiye uliyelichelewesha, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine huko uliko. Nimeolewa na Ouma, yule yule wa Muhoroni uliyemwambia angoje. Alingoja miaka sita. Ana sauti nzuri ya kwaya na mikono inayonuka miwa, na asubuhi akinimiminia chai hunitazama kana kwamba ameniokota njiani na anaogopa mwenyewe atatokea. Nina furaha mpaka naona haya. Na bado nimekukasirikia.

Juzi tulisafiri, safari yetu ya kwanza tukiwa mke na mume. Wengine huenda Mombasa. Sisi tuliazima pikapu ya binamu yake, tukatoka Muhoroni alfajiri nyuma ya malori ya miwa, tukapita Kisumu, tukashika njia ya Bondo kwenda kumtoa Mama kwenye nyumba ya kampuni pale kiwanda cha pamba. Ndiyo, Mama alikuwa angali humo. Baada ya mazishi yako alikaa nyumbani kwenu siku zile za kilio tu, kisha akarudi kiwandani peke yake, kwenye nyumba ile ambayo jirani zake wote walihama nikiwa bado shule ya msingi.

Njia ile nimeipita mara nyingi, lakini sijawahi kuiona. Kila mji mdogo una jengo lake lililokufa likiwa limesimama. Ghala la wakulima lisilo na paa, mbuzi wamelala kwenye ngazi. Stesheni ya reli yenye mti uliotokea dirisha la tiketi. Mahali fulani palikuwa na duka la ghorofa, tupu kabisa, tangazo la soda bado linasomeka ukutani. Ouma akapunguza mwendo, akasema, "Mke wangu, hapa tufungue hoteli. Wewe upike, mimi nile." Nikacheka hadi machozi, halafu machozi yakakataa kukoma. Akaegesha gari kando, akanishika mkono.

Huyo ndiye mtu uliyemwambia angoje, Baba.

Nilikuwa nalia kwa sababu katika kila jengo nilikuona wewe. Nilikuona na koti lako la kaki, unaenda kupaka mafuta mashine ambayo haikuwa imechambua hata robota moja la pamba tangu nilipokuwa darasa la nne. "Watafungua baada ya mvua," ulikuwa ukisema. Mvua ngapi? Mafuta ya mashine yalipokwisha ulichukua ya kupikia ya Mama. Tulikula mboga ya kuchemsha ili chuma kisishike kutu.

Lakini hilo ningelisamehe. Nilikuwa napenda kukuchambua nyuzi za pamba kwenye nyusi ulipotoka kazini, nikiwa mdogo, na ulikuwa ukifumba macho na kutulia kama mtoto. Nisiloweza kusamehe ni siku watu wa Ouma walipoleta habari kwamba wanataka kuja kuposa. Ulisema, "Siwezi kupokea wakwe katika nyumba ya kampuni. Wakwe hupokelewa katika boma la mtu." Sawa, ndiyo mila yetu. Mama akakuambia basi twende tukajenge nyumbani. Ukamkatalia. Ukasema kujenga nyumbani ni kukiri kwamba kiwanda kimekufa.

Halafu ukafa wewe. Na kwa kuwa mwanamume hazikwi bomani pasipo nyumba yake, ndugu zako walikujengea. Mabati na udongo ambao haukuwa umekauka. Siku tatu, Baba! Miaka sita tulingoja kitu cha siku tatu. Ulilala humo usiku mmoja, ndani ya jeneza, na baadaye wakwe wakaja wakanywa chai humo humo chini ya picha yako.

Basi njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno. Niliogopa Mama atakataa. Mimi ndiye mtoto wako wa pekee, na mimi sasa ni wa watu wengine. Kama angesema habanduki, ningemwacha pale na popo, nikaanza maisha yangu matamu huku nikijua yuko wapi.

Tulimkuta mlangoni anachambua dagaa wa omena. Nikasema tu, "Mama, twende nyumbani."

Akanitazama, akaitazama pikapu. "Kitanda nimekifungua siku nyingi," akasema.

Niliingia ndani. Vyombo vilikuwa kwenye magunia, magunia yamefungwa kamba. Godoro lilikuwa sakafuni, na kando yake mbao za kitanda zimeegemezwa ukutani. Nikamwuliza kwa nini hakwenda mwenyewe. "Kilioni nilipelekwa kulia, si kuishi," akasema. "Mke hajipeleki bomani, nyathina, mwanangu. Hupelekwa. Nilikuwa nangoja mtu aseme twende. Baba yako hakuwahi kulisema hilo neno."

Ulisikia hivyo? Sisi tulidhani anakilinda kiwanda kwa ajili yako. Kumbe alikuwa anangoja kama mimi.

Mkwe hashiki kitanda cha mama mkwe wala hakitazami, kwa hiyo Ouma wangu, na nguvu zake zote, alisimama mbali ametupa mgongo, macho kwenye ukuta wa kiwanda, huku sisi wanawake wawili tukihangaika na mbao. Mama akampigia kelele, "Bwana Ouma, kitazame vizuri hicho kiwanda! Mzee wangu alikitazama maisha yake yote!"

"Natazama, Mama," akajibu bila kugeuka. "Naona popo tu."

Mama alicheka hadi akauachilia ubao wa kitanda ukaniangukia mguuni. Sikumbuki lini nilimsikia akicheka hivyo nyumbani mwetu. Ukucha umekuwa mweusi na wala sijali. Tukaufunika mzigo kwa leso ili mkwe aweze kuendesha, tukaondoka. Mlango Mama hakuufunga.

Nilimtandikia kitanda bomani, katika nyumba yako ile ya siku tatu. Sikulala humo, kwa kuwa binti aliyeolewa halali katika nyumba ya wazazi. Jioni tulirudi Bondo mjini kulala kwenye nyumba ya wageni. Alinisindikiza hadi kwenye ua, akasema udongo wa ukuta umeanza kupasuka na kesho ataukandika.

Nakuaga, Baba. Naahidi haya. Nikipata watoto, nitawaambia babu yao alikuwa mtu mwema, na nitawaambia alikosea. Sitaacha hata moja. Na siku Ouma atakaposema "tungoje", nitamwuliza siku hiyo hiyo tunangoja nini. Kaburini kwako nitakuja, hata nikiwa na hasira. Mama utakuwa unamwona kila asubuhi akifagia. Mwache afagie. Usimwambie lolote kuhusu kiwanda.

Binti yako,
Akinyi