Fungu Lako Bado Linatengwa

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumamosi, 9 Novemba 2024. Asubuhi manyunyu, kisha jua kali.

Mpendwa mdogo wangu Rogath,

Habari za Lubumbashi? U mzima? Sisi hatujambo. Mama yuko kwangu kwa ajili ya kliniki, miguu inamvimba.

Nimeangalia kwenye shajara: sauti yako niliisikia mara ya mwisho tarehe 3 Machi 2013. Kwa hiyo binamu yetu Polycarp wa bandarini aliposema dereva wake wa lori amekukuta huko unauza matairi, nilikaa chini. Anasema uliuliza jambo moja tu: kama Mama bado anakutengea fungu la nyama siku ya Krismasi. Anayeuliza hivyo anataka kurudi, au anaaga? Sielewi.

Mama sijamwambia. Alhamisi tulitoka kliniki tukapita kwa Sudha wa duka la jirani, anakaa Upanga. Akatuwekea filamu ya zamani: mwandishi wa gazeti anavuka mito na nyika akimtafuta msafiri aliyepotea. Anamkuta anaezeka paa lake. "Nani kawaambia nimepotea?" Na kurudi anakataa.

Mama akakasirika. "Sasa huyu alipotea au alihama?"

"Mama Wini, tulia, filamu haijaisha," Sudha akacheka.

"Imeisha! Kama hajapotea, si aseme? Watu wanamlilia bure."

Chai ikanipalia.

Fungu lako bado linatengwa, kwenye jani la mgomba, haliguswi hadi jioni. Ila mwaka huu Baba Mkubwa ameitisha kikao tarehe 27 Desemba. Wewe ndiye kitindamimba, kwa mila kihamba cha marehemu Baba, shamba la migomba na nyumba anamoishi Mama, ni chako. Wanataka kukuhesabu umepotea, kihamba wampe mwana wa Baba Mkubwa. Mama ataishi wapi, hawasemi. Nikiwaambia uko hai, Mama atauliza mbona huji. Nikinyamaza, watakichukua.

Andika mstari mmoja kwa mkono wako, umpe dereva huyohuyo: narudi, au nimehama. Nitausoma kikaoni vyovyote utakavyokuwa.

Polycarp na binti yangu Caroline wanakusalimu. Mungu akutangulie kila unapokanyaga.

Dada yako asiyekufuta moyoni,
Winifrida

Jumapili asubuhi. Bahasha ilikuwa bado wazi. Jana jioni Mama aliniuliza naandika nini, nikasema orodha ya mzigo wa dukani. Akasema, "Mwambie mwaka huu fungu lake nitalikausha, libebeke." Sijui amejuaje. Nimelala saa nane na robo.