Benchi la Viatu

4 Machi

Baba, shikamoo.

Magoti yanaendeleaje? Mama hajambo? Mimi mwili mzima, roho ndiyo imechafuka.

Wewe uliyekuwa katibu wa bodi ya benki hii ya Kiislamu miaka ishirini na miwili utanielewa. Jana bodini tulijadili vyumba vya baridi vya kuhifadhia dawa: benki ivinunue, kisha iwauzie wenye maduka ya dawa kwa awamu. Nikawaambia, kama mfamasia, vyumba hivyo havishiki baridi: umeme ukikatika saa mbili tu dawa zimeharibika. Adhuhuri ikaingia. Wajumbe wenzangu tisa, wanaume wote, wakashuka kusali chini, mimi nikapanda juu kwa wanawake peke yangu. Narudi, jambo limekwisha! Wameliamua mlangoni, wakivaa viatu. Mwenyekiti ananiambia, "Tumeshakubaliana, binti yangu." Binti yake tangu lini?

Faida imeshuka mwaka wa pili huu, na bado wanashangaa. Mimi kazi yangu kupamba picha ya ripoti. Kilichobaki ni mkataba kupigiwa kura mkutano ujao. Barua ya kujiuzulu iko mkobani, nipe ruhusa tu.

Mwanao

12 Machi

Mwanangu, marahaba.

Magoti yananung'unika kama kawaida. Mama yako mzima, anakusalimia.

Nimesoma barua yako mara tatu kwa aibu. Mtindo huo naujua, na niliunyamazia. Niliandika "wajumbe walijadili kwa kina" ilhali wajumbe walikuwa wanatafuta kandambili zao. Ruhusa sikupi. Usiwaachie kiti.

Jingine: kile kiwanja cha nyuma ya nyumba tumeamua kukiuza, mimi na ami yako. Mnunuzi anakuja mwisho wa Mei.

Baba yako

16 Mei

Baba, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya, nilikuwa nasubiri mkutano. Nyote hamjambo?

Safari hii nilisali, nyiradi za baada ya sala nikaziahirisha, nikashuka kukaa kwenye benchi la viatu. Shekhe wa bodi ya sharia, mmoja wa wale tisa, alitoka wa kwanza, akaniona, akaangua kicheko: "Leo tumekamatwa!" Wenzake wakasimama na soksi mkononi. Ikabidi mazungumzo yarudi mezani. Nikawaonyesha vipimo vya joto. Shekhe akasema kumuuzia mtu kitu unachojua kibovu si biashara ya halali. Kura sita kwa nne, vyumba havinunuliwi! Ile barua nimeichana.

Mwanao

24 Mei

Mwanangu, marahaba.

Magoti nafuu kidogo. Nimefurahi mno.

Barua yako nilimsomea mama yako kwa sauti, nikicheka hadi machozi. Yeye hakucheka. Aliweka ushonaji wake chini, akaniuliza, "Na kile kiwanja, wewe na shemeji yangu mliamulia wapi?"

Mlangoni, mwanangu. Nilikuwa namsindikiza ami yako, anavaa viatu.

Kumbe mama yako ana mpango na kiwanja kile miaka yote: chumba cha kufundishia wasichana ushonaji. Sikuwahi kumuuliza. Mnunuzi nimemwambia asije. Jana mimi na mama yako tumekaa mezani, yeye akasema, mimi nikaandika.

Baba yako, katibu wake