Papa Justine, Msuka Viti wa Mangobo

Papa wangu mpendwa,

Tangu tukuzike, kila asubuhi nimeketi kwenye kiti ulichonisukia nilipoanza kazi ya ualimu, nikijaribu kukuandikia. Leo nimeweza.

Nakukumbuka Mangobo, mbele ya nyumba yetu, umekaa chini, na kekele, zile kamba za mitambaazi ulizoletewa kutoka msituni, zinalowa ndani ya pipa kando yako. Ulizipasua kwa kisu, ukazikunja gotini, ukazisuka, na jua lilipoanza kuchoma kiti kilikuwa kimekwisha kupata mgongo. Siku za soko ulibeba viti kichwani, nami nilikufuata na vile vidogo vya watoto. Kwa kazi hiyo tulisoma sote, na mama hakuwahi kwenda kwa jirani kuomba chumvi.

Mama mmoja muuza samaki alipenda kukutania: «Papa Justine, hii kiti yako imezika bwana yangu mbili, yenyewe iko inasimama tu.» Nawe, bila kuinua macho: «Basi wa tatu, umukalishe chini.»

Justine alikuwa mtoto wako wa kwanza. Surua ilimchukua kabla mimi sijazaliwa. Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake. Kwa hiyo nilipozaliwa, majirani walitaka kukuita kwa jina langu ili kukupunguzia uchungu. Ulikataa. Nilipopata umri wa kuona wivu, nilikuuliza: «Papa, mie niko hai. Juu ya nini hawakuiti na jina yangu?»

Uliweka kisu chini. «Weye, watu watakuita mpaka utazeeka. Yeye, nani atamuita?»

Sikuuliza tena. Lakini sikuridhika, hata nilipopata wajukuu.

Miaka yako ya mwisho ulikaa kwangu Makiso, mtaa mwingine wa mji, mikono yako ikiwa imekataa kufunga hata fundo. Ulipofariki, nilipeleka tangazo redioni kwa jina la kitambulisho chako, kamili na sahihi. Tulikodi viti vya plastiki tukavipanga uani. Siku ile yote tulikaa sisi wa nyumbani tu, tukitazamana. Nililia, Papa, na si kwa sababu ya kifo peke yake. Niliona kwamba umefanya kazi maisha yako yote, na hakuna aliyekuja kukusindikiza.

Kesho yake dada yangu Béa alipanda pikipiki hadi soko la Mangobo, akawaambia wauzaji: «Papa Justine ametuacha.» Kabla ya saa sita mchana barabara yetu ilikuwa imejaa. Wengine walikuja na viti vyako kichwani, vimekuwa vyeusi kwa uzee, ili wasikose pa kukaa. Lile jina la redioni hawakulijua kamwe. Walimlilia Papa Justine, na kila aliyekulilia alimwita yeye pia.

Bibi mmoja alinishika mkono. «Na weye, uko nani yake?»

Maisha yangu yote nimejibu swali hilo kwa kusema kwamba mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Safari hii nilisema: «Mie niko mudogo ya Justine.»

«Ah,» akasema, akanisogezea kiti. «Ikala, mwanangu.»

Mkionana na Justine, Papa, mwambie kwamba huku bado anaitwa. Pumzisha mikono yako.

Mwanao wa pili